Kamera Majini: Mfuate Kiumbe Aliko

Kama wewe ni mwanafunzi wa kule Magunga, Kaunti ya Homa Bay, usijisumbue kutafuta kiti cha pweza kwenye miamba ya Ziwa Victoria. Hayupo. Kiumbe huyu, ambaye wengine humwita nyota wa bahari, hutembea kwa vijiguu vinavyosukumwa na maji ya bahari yaliyo ndani ya mwili wake. Mtie katika maji yasiyo na chumvi, atakufa.

Ukitaka kumpiga picha, nenda pwani, kwa mfano Watamu, ambako bahari imehifadhiwa tangu mwaka 1968. Subiri maji yapwe, uchungulie vidimbwi vilivyobaki mwambani. Humo utamkuta pia anemoni. Usidhani ni ua! Ni mnyama, na mikono yake ina sumu ya kunasia windo. Ukimgusa hujikunja, na picha yako imekwenda. Kiti cha pweza naye usimtoe majini; hewani huteseka. Wala usiyape mawimbi kisogo.

Siri ya picha za majini ni moja: sogea karibu. Maji humeza mwanga, na rangi nyekundu hutangulia kupotea, hata katika mita chache tu.

Je, Magunga hamna cha kupiga picha? Kipo! Miamba ya ziwa ni makao ya samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu. Madume hung'aa kwa rangi, na rangi hizo huwasaidia wataalamu kutofautisha aina moja na nyingine. Samaki akifa na kuhifadhiwa kwenye dawa, rangi hufifia.

Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka mno miaka ya 1980. Wanasayansi hukadiria kuwa aina zipatazo 200 za fulu zilitoweka.

Lakini usijitose ziwani ovyo. Kuna kichocho, mamba na viboko. Panda mtumbwi pamoja na mvuvi mzoefu, uvae jaketi la kuokolea. Tia kamera katika kasha lisilopenya maji, uifunge kwenye fimbo ndefu, uishushe taratibu kando ya mwamba.

Ukirudi nyumbani, andika tarehe na jina la mahali. Bila hayo, picha ni pambo tu. Ukiyaandika, ni ushahidi kwamba samaki huyo aliishi hapo.