Jembe Lisibebeshwe Moshi wa Wengine

Yako maneno yasemwayo sana siku hizi, kwamba mkulima akiacha kulitifua shamba lake ataiponya hali ya hewa ya dunia. Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini si kweli tupu. Yafaa tuyapime kabla ya kuyameza.

Udongo ni ghala. Katika mita 1 ya juu, ardhi ya dunia imeweka kaboni nyingi kuliko iliyomo hewani na katika mimea yote ikijumlishwa. Plau inapoupindua udongo, vijidudu hupata hewa, huila mboji kwa haraka, na kaboni yake hutoka ikiwa hewa ukaa. Trekta nayo huteketeza dizeli kila ipitapo.

Mwaka 1972, Herbert Bartz, mkulima wa Rolândia katika jimbo la Paraná, Brazili, alianza kupanda bila kulima, kwa kuwa mvua kubwa zilikuwa zikiuchukua udongo wake. Leo kilimo hicho kimeenea nchini humo katika hekta zaidi ya milioni 30. Kwa kilimo hicho udongo hukaa mahali pake, na dizeli huokolewa.

Lakini wataalamu walipochimba chini zaidi waliona jambo. Shamba lisilolimwa huongeza kaboni katika sentimita chache za juu, na mara nyingi chini yake huwa na kaboni kidogo kuliko shamba lililolimwa. Jumla zao hazipishani sana. Tena, penye udongo mzito usiopitisha maji, kuacha kulima kwaweza kuzidisha gesi ya naitrasi oksaidi. Kilo 1 ya gesi hiyo huipasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ukaa kwa muda wa miaka 100.

Kwa nini twayasema haya? Kwa sababu wapo wamwendeao mkulima na mikataba ya kuuza kaboni ya shamba lake. Ikiuzwa kaboni isiyopimwa hadi chini, mwenye kiwanda aliyeinunua ataendelea kutoa moshi, akidhani deni lake limelipwa. Na ukame ukija, utamwangukia mkulima yule yule.

Basi sisi twasema: mkulima na apunguze kulima, atandaze mabua, abadilishe mazao na apime mbolea, kwa faida ya udongo wake na ghala lake. Lakini mwenye moshi hana budi kuupunguza mwenyewe.