Alama ya Kirusi Baada ya Mionzi

Mwanamke akimaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, ndugu humpokea kwa swali moja: umepona? Mara nyingi hana la kujibu, maana hata daktari wake hajajua. Mionzi huacha uvimbe na makovu, na kwenye picha si rahisi kutofautisha kovu na saratani iliyobaki. Ndiyo maana kipimo kikubwa cha picha husubiriwa kwa miezi mitatu hivi. Miezi hiyo ni mirefu kwa mtu anayelala na hofu kila usiku.

Sasa utafiti unaonyesha kuwa damu inaweza kutoa dalili mapema zaidi.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hii, na ugunduzi huo ulimpatia zur Hausen Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Wanawake wengi huambukizwa na miili yao ikavishinda virusi bila wao kujua. Kwa wachache, maambukizi hukaa miaka mingi na mara nyingi DNA ya kirusi hujipachika ndani ya DNA ya seli. Protini mbili za kirusi hicho, E6 na E7, huvuruga mfumo unaozuia seli zisigawanyike ovyo.

Seli za saratani zinapokufa, vipande vya DNA yake huingia kwenye damu vikiwa na alama ya kirusi, alama ambayo seli zenye afya hazina. Maabara huzungusha kichupa cha damu kwa kasi hadi chembe nyekundu zituame chini na majimaji ya manjano yabaki juu. DNA iliyomo kwenye majimaji hayo hutolewa, kisha hugawanywa katika maelfu ya vitone visivyoonekana kwa macho. Kitone chenye DNA ya HPV hung'aa, na mashine huvihesabu vinavyong'aa.

Mwaka 2024, watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 70 waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Walipimwa damu wiki 4 hadi 6 baada ya tiba. Kati ya ambao DNA ya kirusi haikuonekana, asilimia 82 walitimiza miaka miwili bila ugonjwa kuendelea. Kwa waliokutwa nayo, ni asilimia 15 tu.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini wagonjwa 70 ni wachache. Bado haijathibitishwa kwamba kubadili matibabu kwa kufuata kipimo hiki kunaokoa maisha, na damu kutoonyesha kirusi si cheti cha kupona. Manufaa yanayotarajiwa ni kumtambua mapema mgonjwa aliye hatarini, apigwe picha bila kuchelewa na, panapowezekana, aongezewe tiba kabla saratani haijasambaa.

Utafiti huu unatuhusu sana Afrika Mashariki. Hii ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi kwetu, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Wanaoishi na VVU wako katika hatari takriban mara sita zaidi. Maabara zetu zimezoea kupima wingi wa VVU katika damu. Ujuzi huo ni msingi mzuri wa kuanzia. Kipimo hiki kijaribiwe kwa wanawake wetu, wakiwemo wenye VVU, badala ya kungoja majibu ya miili ya wengine.

Kwa sasa, mama aliyemaliza tiba asiruke tarehe ya kliniki hata kama anajisikia mzima. Akitokwa damu ukeni, akiumwa nyonga au mguu ukivimba, arudi mara moja, asingoje tarehe. Na ndugu wanaouliza kama amepona wamsaidie pia nauli ya kwenda kulitafuta jibu.