Mapishi ya Kampala, sufuria za Midia

MIDIA, Koboko – Shangazi yangu anapika chini ya mwembe, kando ya barabara. Ana majiko mawili ya makaa, sufuria nne na benchi moja iliyopinda, na wateja wake ni nyinyi mnaosoma gazeti hili: wanaotoka Ariwara na mafuta ya mawese, wanaopandisha unga wa muhogo kwenda Oraba, vijana wa bodaboda waliofunga magunia kwa vipande vya mipira ya matairi.

Jumamosi iliyopita nilikaa pale tangu asubuhi. Mteja mmoja, mama anayeuza vitenge kutoka upande wa Kongo, aliitazama sahani yake akauliza mbona kipande cha angara kimekuwa kidogo hivi. Shangazi hakugeuka hata kidogo. Alimjibu kwamba samaki naye amesikia Kampala kuna karamu, amehamia huko, kilichobaki ni mkia. Watu wakacheka, na tangu hapo hadi saa nane mchana hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila aliyekuja alileta pishi lake la wakubwa. Nimeyapanga kwa lugha yangu na kuongeza hesabu kutoka kwenye mambo yaliyokwisha kufika bungeni, maana wapishi wa Midia wana ulimi mkali lakini hawatembei na mafaili.

Pishi la kwanza lilikuwa Salamu ya Mkono, nalo ni la walaji 42.

Chukua kampuni moja ya mafuta kutoka nje. Heritage itafaa. Iache iuze sehemu yake ya visima vya Ziwa Albert kwa Tullow, kama ilivyofanya mwaka 2010, kwa dola bilioni 1.45. Dai kodi yako. Kampuni ikikataa, kesi iende London, weka kifuniko, subiri miaka kadhaa. Nchi ikishinda dola milioni 434, epua. Sasa usiwapakulie wananchi kwanza. Wakusanye watumishi wa Mamlaka ya Mapato, wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu na wa wizara, wote 42, ugawe shilingi bilioni 6 huku ukiwaambia asante kwa kazi nzuri. Pakua kimya kimya. Harufu ikitoka nje, kama ilivyotoka Januari 2017, sema ilikuwa salamu ya mkono tu.

Mtu mmoja pale kwenye benchi alikataa kucheka. Ni dereva wa lori, mzee wa heshima, na alisema jambo ambalo si la kupuuza: watu hao waliiletea nchi fedha nyingi kuliko walizopewa, na mfanyabiashara gani hajawahi kumpa kijana wake kitu kidogo baada ya siku nzuri ya soko? Rais Museveni naye alisema wazi kwamba ndiye aliyeidhinisha. Lakini kijana wa duka huwa anapewa na mwenye duka, kutoka mfukoni mwa mwenye duka. Hapa mwenye duka ni mlipa kodi, na hakuna aliyemuuliza. Ukigawa bilioni 6 kwa watu 42, wastani ni kama milioni 142 kwa kila mmoja, juu ya mshahara aliokuwa akiupokea kila mwezi kwa kazi hiyohiyo. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Abdu Katuntu ilichunguza ikapendekeza fedha zirudishwe. Pale kwenye benchi jina lililobaki ni salamu. Mtu akikupa mkono asubuhi, unamuuliza, "Hii ni ya bei gani?"

Tusidhani Kampala ndiyo iliyovumbua pishi hili. Marekani waliokoa kampuni ya bima ya AIG Septemba 2008 kwa fedha za umma, na ilipofika Machi 2009 kampuni ikawa inawalipa watu wake bonasi za dola milioni 165. Wamarekani walikasirika sana. Sisi tulicheka, labda kwa sababu tulikuwa hatujaona sahani yetu.

Pishi la pili linahitaji sufuria kubwa: Kampuni Iliyoungua, Kupashwa Moto Upya.

Hapa usitumie kampuni ndogo, inanata chini. Tafuta yenye jengo refu na deni refu zaidi. Mwaka 2016 orodha ya kampuni zaidi ya 60 ilivuja Kampala, zikiwa zimeelemewa na mikopo ya benki, na kiasi kilichotajwa cha kuzinusuru kilikuwa shilingi trilioni 1.3. Watu walipiga kelele, sufuria ikarudishwa kabatini. Lakini mpishi mzuri hasahau. Mwaka 2022 Bunge liliidhinisha serikali inunue hisa za shilingi bilioni 207 katika Roko, kampuni ya ujenzi ya tangu 1969 iliyokuwa imezama kwenye madeni. Watetezi walisema kampuni hiyo ina wafanyakazi na imejenga nusu ya mji, haifai iachwe ife. Sawa. Ila tuulize: kibanda kikiungua sokoni, mwenye kibanda hana wafanyakazi? Hana watoto wanaokula kutoka kwenye kibanda hicho?

Mama wa vitenge alitaka bilioni 207 zipimwe kwa debe analolijua. Tukahesabu kwa Mpango wa Maendeleo ya Parokia, ule wa PDM uliozinduliwa Februari 2022. Kila parokia inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kila mnufaika anapata milioni 1. Nayo si zawadi, ni mkopo wenye riba. Kwa hiyo bilioni 207 ni mgao wa mwaka mzima wa parokia 2,070. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hao wa ujenzi nao waliitwa kwenye mikutano chini ya mti, wakaandika jina la kikundi na kuonyesha kitambulisho cha taifa. Hakuna aliyemjibu.

Na hapa lazima nisimamishe mzaha kwa muda, kwa sababu jambo hili lina historia ndani ya ukoo wetu.

Shangazi hakuwa mpishi. Alikuwa mfanyabiashara. Kwa miaka kadhaa alinunua maharage na unga upande huu, akavuka Oraba kwenda Kaya, mara nyingine akafika Yei. Alikuwa akiwakopesha wenye maduka huko na kulipwa kwa pauni za Sudan Kusini. Desemba 2015 serikali ya Juba iliachia sarafu yake: dola moja iliyokuwa karibu pauni 3 kwa kiwango rasmi ikawa zaidi ya pauni 18 kwa siku moja. Ni kweli sisi wa kubadilisha fedha mkononi tulikuwa tumeshaonja kabla ya hapo, kwani kiwango rasmi kilikuwa cha wenye vyeo. Lakini deni lililoandikwa kwenye daftari lake lilikuwa la pauni, na lilizidi kunyauka kila wiki. Kisha Julai 2016 mapigano yakazuka Juba, na baada ya muda moto ukafika hadi Yei. Waliokuwa wakimdai na waliokuwa wakidaiwa naye walikutana wote upande huu, wengine wakipelekwa kambi ya Bidibidi iliyofunguliwa Agosti mwaka huo. Mmoja wa wadeni wake alimkuta Koboko amebeba godoro na mtoto. Shangazi alimpa chakula. Daftari hakulitoa.

Mwaka huohuo wa orodha ya trilioni 1.3, hakuna kamati iliyokuja Midia kuuliza nani ameungua.

Haki isemwe: serikali ya Uganda ilikubali kubeba fidia ya wafanyabiashara waliouza nafaka kwa serikali ya Sudan Kusini wasilipwe, halafu Juba iirudishie. Mpango huo ulianza na kampuni 10, zingine zikabaki nje ya mlango zikigonga, na Bunge likalazimika kuuliza waliotangulia walitangulia kwa kigezo gani. Hata hivyo hao walikuwa na mikataba ya serikali, mihuri na mawakili. Aliyemkopesha mwenye duka wa Kaya magunia sita kwa neno la mdomo hayumo kwenye orodha yoyote, ya kwanza wala ya mwisho.

Alilipa mwenyewe. Aliuza mbuzi, akauza baiskeli, akarudisha fedha za sanduku la akiba la wanawake wenzake ndani ya miaka miwili, kila Alhamisi kidogo kidogo. Ndipo akawasha jiko chini ya mwembe.

Turudi kwenye mapishi. Kulikuwa na la benki pia, nalo lilitolewa na kijana wa kubadilisha pauni na faranga ambaye anajiita benki kuu ya Midia. Oktoba 2016 Benki Kuu, ile ya kweli, iliichukua Crane Bank. Unaiweka jikoni, unaongeza fedha za umma, unakoroga. Kwa hesabu ya Mkaguzi Mkuu, zilizoongezwa zilifika shilingi bilioni 478.8. Januari 2017 unampakulia DFCU kwa bilioni 200. Kijana alisema yeye akinunua ng'ombe kwa 478 akamuuza kwa 200, mke wake atamrudisha kwa wazazi. Ni kweli kwamba benki ikianguka ghafla wenye akiba wanaumia, na fedha hizo ziliwekwa ili milango isifungwe, nimemweleza hivyo. Akasema anaelewa. Anachotaka kujua ni kwa nini yeye akianguka milango inafungwa papo hapo.

Pishi fupi kuliko yote linaitwa Tuzo ya Utumishi. Halihitaji moto. Mei 2022 watu wachache walikaa kwenye kikao cha Tume ya Bunge, na makamishna wanne wa tume hiyohiyo wakapitishiwa shilingi bilioni 1.7: milioni 500 kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani, na milioni 400 kwa kila mmoja wa wale watatu wengine. Nchi ilikuja kujua mwanzoni mwa 2024, nyaraka zilipoanza kuanikwa mitandaoni. Mpuuga alijitetea kwamba yalikuwa malipo halali yaliyopita katika utaratibu. Inawezekana, na hilo ndilo linaloudhi, kwamba kisu na sahani na mlaji vyote viko upande mmoja wa meza na bado karatasi ni safi. Mmoja wa hao wanne alikuwa mbunge wa Zombo, hapahapa West Nile, kwa hiyo tusimalize wiki tukilaumu watu wa kusini peke yao. Milioni 500 ni PDM ya parokia moja kwa miaka mitano.

Huku kwetu pishi la kodi halina siri. Unalijua. Gunia linapimwa, kitambulisho kinaangaliwa, mtu anakohoa, unatoa kitu. Na hapa naomba niweke jambo la maana katikati ya kicheko: tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kimeandikwa kwa ajili yako. Mzigo wako ukiwa umezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000, omba cheti hicho mpakani. Kinakuondolea ushuru wa forodha, ingawa hakiondoi kodi nyingine za ndani. Nimeona wanawake wakilipa kwa sababu hawakujua jina la karatasi. Ukiambiwa kimekwisha, uliza kitakuja lini na umwombe afisa aandike jina lake.

Saa nane jua lilikuwa limeingia chini ya mwembe na wateja walikuwa wamepungua. Nilimwomba shangazi anipe pishi lake la kweli, la osubi, nilichapishe hapa kwa sababu wasomaji wa Kampala hawalijui. Alisema ni rahisi. Majani ya kunde mabichi, yachambuliwe, vikonyo vitupwe. Majivu ya maganda ya maharage yawekwe kwenye chombo chenye matundu, yamiminiwe maji, yachuruzike polepole. Maji hayo ndiyo chumvi. Chemsha majani humo mpaka yalainike. Kisha ufuta uliosagwa, kijiko kwa kijiko, ukikoroga upande mmoja usikatike. Kula na enyasa ya muhogo na mtama, moto.

Nikamuuliza inatosha watu wangapi.

"Inategemea wamekuja wangapi, mwanangu," alisema, akavuta daftari kutoka chini ya benchi. Si lile la Kaya. Hili ni la wateja wa sahani. Mama wa vitenge alikuwa amekula akaondoka na lori bila kulipa, atalipa Jumatano akirudi kutoka Ariwara. Shangazi aliandika 5,000, akapiga mstari chini yake, akanyanyuka kwenda kuongeza makaa.