Barua Ndani ya Shairi: Uhifadhi wa Maandishi ya Watunzi wa Magazetini

Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Barua za Shaaban Robert 1931–1958, chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Ni barua ambazo mtunzi huyo, aliyefanya kazi ya ukarani serikalini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge. Jalada limebeba jina la aliyeandika, kama ilivyo desturi. Hata hivyo kitabu hicho kisingekuwapo bila mpokeaji ambaye kwa zaidi ya robo karne aliziweka karatasi hizo badala ya kuzitupa. Katika historia ya fasihi ya Kiswahili kazi ya namna hiyo haijapewa heshima inayostahili, na mashairi yaliyotoka magazetini ndiyo yaliyoathirika zaidi kwa kukosa mtunzaji wa aina ya Ulenge.

Shaaban Robert hakuwa mwanahabari wa kuajiriwa. Alikuwa, pamoja na wenzake wengi wa wakati wake, mtunzi aliyejulikana kwanza kwa wasomaji wa magazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi uliosubiriwa kwa hamu. Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937 mjini Dar es Salaam, na Baraza likafuata mjini Nairobi mwaka 1939. Watunzi walituma kazi zao kwa posta, wakasubiri, wakajisoma, kisha wakasoma majibu ya watu ambao huenda hawakuwahi kuonana nao ana kwa ana.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Shairi la gazetini ni barua. Ubeti wa kwanza mara nyingi humsalimu mhariri na kumwomba nafasi. Unaofuata huwaita malenga kwa majina au kwa miji yao. Katikati huja hoja, fumbo au lawama. Na beti za mwisho humtaja mtunzi, lakabu yake na mahali alipo. Majina hayo na salamu hizo hazikuwa mapambo. Ziliuambia umma nani anasema na nani, na zilimfungulia mlango yeyote aliyetaka kujibu. Jibu nalo lilifuata bahari ileile, mara nyingi kwa vina vilevile, na msomaji mzoefu aliweza kutambua kejeli kwa kuona tu kibwagizo kimegeuzwa.

Mkusanyaji anapotaka kutoa diwani hukutana na beti hizo na kuziona za ziada. Huondoa salamu, hufuta jina la mpinzani, huacha tarehe, kisha hupanga mashairi kwa maudhui: dini, siasa, mapenzi, mawaidha. Kazi hupendeza machoni. Lakini shairi lililotungwa kumjibu mtu fulani, juu ya jambo fulani, katika toleo fulani, sasa husomwa kama hekima ya jumla isiyo na mahali wala wakati. Mwanafunzi hufundishwa kuwa mtunzi aliamini hivi au vile, ilhali huenda alikuwa akimtania rafiki. Huu ni upotevu mkubwa kuliko ule wa mchwa, kwa kuwa mchwa huacha tundu linaloonekana.

Mfano wa kinyume chake ni wa kale zaidi, na haukuhitaji gazeti. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyotungwa katika karne ya 19 na kupita midomoni mwa watu, yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Baadaye William Hichens aliyachapisha kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Hayo ni mashairi ya mabishano ya mji, yenye vijembe na mafumbo mengi, na thamani ya mkusanyiko ule imo pia katika maelezo yaliyokusanywa pamoja nayo kuhusu chanzo cha tungo na watu waliolengwa. Beti zingebaki peke yake, nyingi zingekuwa vitendawili visivyo na mteguzi.

Kwa sababu hiyo anayehifadhi shairi la gazetini ahifadhi ukurasa mzima, wala asikate kipande. Karatasi ya gazeti ina asidi. Hugeuka manjano na kuvunjika, na gundi, utepe wa plastiki na pini za chuma huharakisha kuoza kwake. Nakala ya kidijitali ichukuliwe mapema, pamoja na jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa, na matangazo yanayolizunguka shairi yaachwe yalivyo. Tahajia nayo isisanifishwe katika nakala ya msingi: mtunzi wa Kimvita akiandika kwa matamshi ya kwao, herufi zake ni ushahidi, na mara nyingine vina haviwezi kukaa bila matamshi hayo. Faharasa iunganishe lakabu na majina halisi pale tu panapo uthibitisho. Na kwa kuwa mtunzi wa nchi moja aliweza kuandika katika gazeti la nchi jirani, hifadhi ya taifa moja huenda ikawa na swali bila jibu lake. Orodha ya pamoja ya matoleo yaliyopo Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Kampala ingefaa kutangulia mradi wowote wa kuchapisha.

Barua za faragha zina ugumu wa namna nyingine. Aliyepokea barua humiliki karatasi. Maneno hubaki kuwa haki ya mwandishi na warithi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda haki hiyo katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo familia yenye sanduku la barua inaweza kulikabidhi kwa maktaba bila kwanza kumaliza suala la uchapishaji, na maktaba inaweza kulipokea kwa sharti kwamba baadhi ya barua zisifunguliwe kwa muda uliokubaliwa. Sharti la namna hiyo ni bora kuliko kuchagua zipi za kuchoma. Barua za madeni, maradhi na ugomvi wa nyumbani ndizo zinazotolewa kwanza, na ndizo mara nyingi zinazoonyesha shairi lilitungwa wiki gani, mtunzi akiwa katika hali gani, na gazeti lipi lilikwisha kulikataa.