Ndege Iliyosagwa, Mfano Ukabaki

Atakaye kumjua fundi wa vyombo asimtazame anapopaka rangi. Amtazame anapoweka mkuku. Rangi huwapendeza walio ufuoni, lakini bahari haiulizi rangi. Jambo hili nimelikumbuka sana nikifuatilia kazi ya mafundi wa namna nyingine kabisa, nao ni wale waundao ndege za kivita ndani ya kompyuta, ili watu wazirushe wakiwa wameketi majumbani mwao.

Kazi hii, msomaji mpenzi, si ya mzaha. Tuchukue ndege moja ya Kimarekani iitwayo F-14 Tomcat, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1970. Mabawa yake husogea ikiwa angani: hutanuka hadi digrii 20 inapokwenda polepole kutua juu ya manowari, na hurudi nyuma hadi digrii 68 inapokimbia kuipita sauti. Mwaka 2019 kampuni ya Heatblur ilitoa mfano wa ndege hiyo katika programu iitwayo DCS World.

Kazi ya kwanza ya fundi ni umbo. Huliunganisha kwa vipande bapa vya pembe tatu, maelfu kwa maelfu, kisha akalivika rangi, ribiti, mikwaruzo na masizi. Kazi ya pili ndiyo ngumu, nayo ni tabia. Hapa huandika hesabu ambazo kompyuta huzirudia mara nyingi kila sekunde: uzito wa ndege, nguvu ya injini, jinsi upepo unavyoliinua bawa na unavyolivuta nyuma. Mabawa yakisogea, hesabu zote hugeuka, na rubani sharti aone tofauti mkononi mwake.

Hata aibu za ndege hazifichwi. Injini za mwanzo za Tomcat zilijulikana kwa kukabwa pumzi, hasa rubani alipoongeza moto kwa pupa huku pua ya ndege ikiwa juu. Basi mfano nao hukabwa pumzi vivyo hivyo. Na kwa kuwa ndege hii ni ya watu wawili, anayecheza peke yake huwekewa mwenzi wa kompyuta kiti cha nyuma, jina lake Jester, amsomee rada.

Ndege zenyewe zilipatwa na nini? Nchi ya pekee iliyouziwa na Marekani ilikuwa Iran ya zama za Shah, iliyopokea 79. Zikapigana katika vita vya Iran na Iraq, kuanzia 1980 hadi 1988. Jeshi la Majini la Marekani liliziacha mwaka 2006, na nyingi zikasagwa vipande vipande kwa kuchelea vipuri vyake visije vikafika Iran.

Hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika. Chuma kimesagwa, lakini umbo na tabia yake vimehifadhiwa kwa uaminifu. Sisi mtepe wetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka kabla sijazaliwa, na leo twaujua kwa michoro, picha na vidude vya mfano. Laiti ungalipata mafundi wenye subira kama hawa, wakatuandikia na namna ulivyopinda mawimbini!

Lakini mtepe ulibeba boriti, na Tomcat ilibeba makombora. Katika mchezo, aliyetunguliwa hubonyeza kitufe akaanza upya. Katika vita vile, Waislamu kwa Waislamu, aliyetunguliwa alisubiriwa nyumbani na mama yake asirudi. Hilo fundi hawezi kulitia katika hesabu zake, wala si kazi yake. Ni juu yetu sisi wazazi na walimu: kijana akituonyesha ndege yake, tumsifu kwa ustadi alioujua, kisha tukae naye tumweleze waliokuwa chini yake.