Mabingwa wa Modena: Magari ya Mwendo Mkali, Siki ya Miaka 25

Mkoa wa Emilia-Romagna, kaskazini mwa Italia, una mabingwa wa aina mbili: wanaokwenda mbio kuliko wote na wanaokawia kuliko wote. Wenyeji huliita eneo la viwanda vya magari Motor Valley. Ukitoka Bologna asubuhi na kiongozi wa watalii, jioni umerudi ukiwa umewaona wote, maana Modena na Maranello zimeachana kilomita kama 18 tu. Panda mwendokasi Kivukoni, shukia Kimara, ongeza kidogo: umefika.

1. Jibini linalokubalika benki

Siku huanzia kwa wapika jibini, kwa kuwa Parmigiano Reggiano hupikwa asubuhi. Gurudumu moja humeza lita zipatazo 550 za maziwa: madebe 27 na nusu! Hutoka na uzito wa karibu kilo 40, pungufu kilo 10 tu ya mfuko wa saruji. Ndani yake hamna kingine ila maziwa, chumvi na kimeng'enya cha kugandisha. Hulala ghalani miezi 12 kwa uchache, na mengi hufika 24 au 36. Mkaguzi hupita na nyundo ndogo, anagonga, anatega sikio. Lenye ufa ndani hujulikana kwa mlio na kuvuliwa cheo. Yaliyofaulu yana thamani kiasi kwamba benki ya Credito Emiliano huyapokea kama dhamana ya mkopo. Mwingine huweka rehani nyumba, huku wanaweka jibini.

2. Mji mdogo wenye mataji mengi

Maranello ina wakazi wapatao 17,000. Waalike wote Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, wazee na watoto wachanga, na zaidi ya theluthi mbili ya viti itabaki tupu. Mji huo ndio nyumbani kwa Ferrari, timu yenye mataji 16 ya watengenezaji katika Formula 1 na 15 ya madereva. Ndiyo timu pekee iliyoshiriki kila msimu tangu mashindano yaanze mwaka 1950. Magari ya ubingwa yamo katika jumba la makumbusho la Maranello. La pili liko Modena, alikozaliwa Enzo Ferrari mwaka 1898.

3. Gari lenye bei ya uwanja

Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Ukiwagawia abiria wa basi moja la mikoani, wengine watakosa. Novemba 2023 gari moja la jamii hiyo lilipigwa mnada New York likauzwa dola milioni 51.7. Uwanja wa Mkapa, na taa na nyasi zake, uliripotiwa kugharimu takriban dola milioni 56!

4. Kasi

Treni yetu ya umeme ya SGR hukimbia kilomita 160 kwa saa. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 ilikaribia 280. Na fikiria imetoka kwa nani: Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta, akafungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese mwaka 1963. Miaka mitatu tu baadaye ulimwengu ukawa unamkimbiza yeye. Mwaka 2013 Ferrari ilitoa LaFerrari, inayovuka 350: zaidi ya mara mbili ya SGR.

5. Siki kongwe kuliko dereva

Chakula cha mchana huwa shambani: tortelloni zilizojazwa jibini laini na mboga, maandazi ya chumvi yaitwayo gnocco fritto. Asiyekula nguruwe amwambie kiongozi mapema, kwani hata mafuta ya kukaangia huenda yakawa ya nguruwe.

Kisha mnapanda darini. Humo mapipa yamepangwa kutoka kubwa hadi dogo, na ndani yake maji ya zabibu yaliyochemshwa yanageuka siki taratibu, yakikaushwa na joto la kiangazi na kutulia wakati wa baridi. Siki ya jadi ya balsamiko ya Modena hungoja miaka 12 kwa uchache; ile ya daraja la juu, extravecchio, hungoja 25. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza kuwekwa ameshamaliza chuo kikuu. Zawadi ya subira hiyo ni chupa ya mililita 100, chini ya theluthi ya chupa ya soda. Aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, mbunifu wa Volkswagen Golf ya kwanza na Fiat Uno, aliyetangazwa mwaka 1999 kuwa mbunifu wa magari wa karne.

6. Shamba lenye vyote

Taji langu nalivika shamba la Hombre, nje kidogo ya Modena. Mwenyewe alikuwa Umberto Panini, mmoja wa ndugu walioupa ulimwengu picha za wachezaji za kubandika kwenye albamu. Mwaka 1996 mkusanyiko wa magari ya kale ya Maserati ulikuwa njiani kupigwa mnada London. Familia ikaununua na kuurudisha nyumbani. Ni magari ya kampuni ya Kiitaliano pekee iliyowahi kushinda Indianapolis 500, mwaka 1939 na 1940. Kati yake limo Eldorado la mwaka 1958, lililodhaminiwa na kampuni ya aiskrimu na kuendeshwa Monza na Stirling Moss. Shamba hilohilo linafuga ng'ombe na kupika Parmigiano isiyotumia kemikali. Nafasi ya kuingia huombwa kabla, na kiongozi mzuri huwa ameshaomba.