Kijana wa Migori na Homa Bay, programu inayotunza faili za kliniki yako inakuhitaji

UKIINGIA kliniki ya VVU katika Kaunti ya Homa Bay au Migori siku hizi, mara nyingi hutaona mhudumu akifukua rundo la faili za karatasi. Anaandika nambari ya mgonjwa kwenye kompyuta na historia inatokea: alikuja lini mara ya mwisho, alipewa dawa gani, kipimo cha wingi wa virusi kilisemaje.

Programu hiyo ni KenyaEMR. Wengi hawajui kwamba imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa. Wewe, ukiwa Rongo, Mbita au Isebania, unaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kupendekeza marekebisho. Hulipi hata shilingi.

Tena mizizi yake iko hapa kwetu. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo mdogo wa rekodi katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi. Mnamo 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret na kuona kwamba hifadhidata ile haingeweza kubeba wagonjwa waliokuwa wakiongezeka kila uchao. Hapo ndipo wazo la OpenMRS lilipozaliwa, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Leo iko Uganda, Rwanda, Msumbiji, Haiti na kwingineko.

Kwa nini jambo hili likuguse? Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU Homa Bay kilikuwa asilimia 19.6 na Migori asilimia 13, ilhali wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 4.9. Mvuvi anayehama ufuo mmoja hadi mwingine kufuata samaki anahitaji rekodi isiyopotea. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na miradi mingi ya VVU iliyotegemea fedha hizo ikayumba. Mfadhili anaweza kufunga ofisi, lakini kodi ya programu huria inabaki. Swali ni nani atakayeitunza.

Mlango mdogo wa kuingilia

Labda unajiambia, "Mimi nimejifunza Java kidogo tu, nitaanzia wapi?" Usianzie kwenye moyo wa mfumo. Anzia kwenye zana za kuijenga.

Fikiria mjengo. Msimamizi hachanganyi saruji mwenyewe; anashika ramani, anaagiza vifaa na kuwapanga mafundi. OpenMRS hutumia msimamizi wa aina hiyo anayeitwa Maven. Ramani yake ni faili la pom.xml. Mafundi wake ni plagini: mmoja anageuza kodi ya Java iweze kuendeshwa na kompyuta, mwingine anaijaribu, mwingine anafungasha moduli. Bila plagini, Maven haifanyi lolote la maana.

OpenMRS ina plagini yake ya Maven, nayo inaitwa OpenMRS SDK. Bila hiyo, mgeni hulazimika kusakinisha seva ya Tomcat na hifadhidata ya MySQL, kisha ahakikishe matoleo yote yanapatana. Kuna wanaokata tamaa kabla hawajaandika mstari mmoja. Kwa SDK, unaandika amri ya openmrs-sdk:setup, unajibu maswali machache, na seva ya majaribio inaandaliwa kwenye laptopu yako. Amri ya openmrs-sdk:create-project inakutengenezea kiunzi cha moduli mpya.

Plagini hii nayo huandikwa na kurekebishwa na watu wa kujitolea. Ujumbe wa kosa usioeleweka, maelekezo yaliyopitwa na wakati, hatua inayokwama kwenye Windows: hizo ni kazi ndogo, lakini kila moja ikitatuliwa, mgeni anayefuata anapita bila kukwama. Na wewe unayetumia laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo utayaona matatizo ambayo mwenye mashine ya bei hawezi kuyaona.

Bando, pesa na siri za watu

Tuseme ukweli kuhusu gharama. Mara ya kwanza Maven hupakua vitu vingi, na bando lako litalia. Fanya hivyo kwenye Wi-Fi ya chuo, iwe Chuo Kikuu cha Rongo au Tom Mboya. Vyote huhifadhiwa kwenye folda ya .m2, hivyo ukirudi nyumbani Ndhiwa au Muhuru Bay unaweza kuendelea bila intaneti kwa kuongeza -o kwenye amri ya mvn.

Malipo? Kwa kawaida hakuna. Unachopata ni kazi yenye jina lako, ambayo mwajiri yeyote anaweza kuifungua GitHub na kuikagua. Pia, OpenMRS imekuwa ikishiriki Google Summer of Code tangu 2007. Ukichaguliwa humo, unapewa mshauri na posho, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi, mradi umetimiza miaka 18.

Usichanganye kodi na data. Kuwa huru kwa kodi hakumaanishi faili ya jirani yako iko wazi. Majaribio hufanywa kwa wagonjwa wa kubuni, na rekodi halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Basi anza hivi. Jifunze Git na misingi ya Java. Sakinisha SDK, na kila unapokwama, andika palipokukwamisha. Kisha tafuta kazi iliyotengewa wanaoanza, irekebishe, uitume. Wakaguzi wanaweza kuirudisha mara mbili au tatu. Hilo ni kawaida, hata kwa wazoefu. Irekebishe, uitume tena.